Kinachotakiwa kukaa moto ni maji, siyo kahawa

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari. Naandika kuhusu lile swali la msomaji aliyetaka kujua afanyeje ili kahawa yake aliyoiloweka kwenye maji ya baridi usiku kucha ibaki ya moto mpaka mchana bila kubadilika ladha. Mlimjibu kwa sentensi mbili tu, aipashe kwenye sufuria mpaka ichemke kidogo afu aimimine kwenye chupa ya chai afunge. Jibu limenyooka na ni rahisi kulifuata, ila kwa kahawa ya aina ile ndo njia ya haraka kabisa ya kuimaliza, na kwa kuwa najua wako wengi wanaofanya hivohivo kila asubuhi halafu wanalalamika eti kahawa ya kuloweka haina maajabu, naomba nafasi nieleze kidogo.

Tuanzie kwenye kahawa yenyewe. Unachukua unga wa kahawa uliosagwa kwa chengachenga (ukisaga laini utahangaika kuuchuja na kikombe kitajaa tope), unauweka kwenye maji ya baridi au ya kawaida tu, unauacha masaa 12 mpaka 24, unachuja. Hamna moto popote. Sasa moto kwenye kahawa una kazi yake, unavuta vitu vingi kwa haraka, vizuri na vibaya kwa pamoja, vichachu, vichungu, mafuta, harufu, vyote vinatoka ndani ya dakika chache. Maji ya baridi hayana hiyo haraka, yanavuta polepole na kuna vitu yanaviacha humohumo kwenye machicha, ndo maana kikombe kinatoka laini, utamu unasikika hata bila sukari na ule ukali wa kukwaruza koo haupo.

Hapa watu hupenda kusema kahawa ya kuloweka haina asidi. Siyo kweli hivo. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Thomas Jefferson kule Marekani, Niny Rao na Megan Fuller, walipima kahawa ya kuloweka na ya moto zilizotokana na buni zilezile wakakuta pH zake (kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu umepanda) zinakaribiana sana, zote zikicheza kati ya 4.85 na 5.13, tofauti ikawa kwenye jumla ya asidi zilizomo, ile ya moto ilikuwa nazo nyingi zaidi. Kwa hiyo asidi ipo, ila ni chache. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna mtu atasema kama haina asidi basi nikiipasha kitaharibika nini. Kinaharibika, na kinaharibika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni harufu kuondoka. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ya kahawa tunakisikia kwa pua, na vile vitu vya harufu ni vyepesi, ukivipa joto vinapaa. Ukiona jikoni kunanukia kahawa vizuri sana wakati unapasha, ujue hiyo harufu ndo inatoka kwenye kikombe chako na hairudi tena. Nyingine haipai, inashikana na vitu vingine humohumo ndani ya kahawa na pua inaacha kuisikia. Njia ya pili ni kwamba kahawa haitulii ikiwa moto. Ina kundi la asidi zinaitwa klorojeniki, ambazo kwenye maji ya baridi nazo zinatoka kwa wingi tu, na kuna nyingine zilizozaliwa wakati buni zinakaangwa. Zikikaa kwenye joto kubwa kwa muda zinaendelea kuvunjika na kugeuka, inazaliwa asidi ya kwiniki, pH inashuka, na mdomoni unaanza kusikia uchachu fulani wa ukakasi uliochanganyika na uchungu, ile ladha ya kahawa ya ofisini saa tisa alasiri, kila mtu anaijua. Kwa hiyo moto wenyewe wala siyo adui mkubwa kihivo. Kikombe kikiwa moto dakika kumi unazokinywa hakuna kibaya kinachotokea. Tatizo ni joto likichanganyika na muda, na tatizo kubwa zaidi ni joto linaloendelea kuongezwa kutoka chini.

Ndo maana ile sahani ya moto ya mashine za kahawa, ile ambayo jagi la kioo linakaa juu yake kutwa nzima, mi naiona kama kifaa cha kuharibia kahawa kilichowekewa taa nyekundu. Inachoma kahawa ya chini, maji yanapungua kwa mvuke kahawa inazidi kuwa nzito na chungu, na harufu inapaa muda wote. Sufuria jikoni ni hivohivo tu kwa kasi zaidi, juu unaona bado ni vuguvugu kumbe chini inapogusana na chuma imeshachemka zamani.

Sasa kama hayo ni kweli, swali la msomaji wenu linajibiwa kwa kuligeuza. Kahawa ya kuloweka ina faida moja ambayo kahawa nyingi hazina: inaweza kutengenezwa nzito, ya kuongezea maji, na ikiwa baridi inavumilia. Ikiwekwa friji imefunikwa inakaa wiki nzima bado inanyweka vizuri. Maji nayo hayana harufu ya kupoteza, yakae moto masaa sita yatabaki maji. Sasa kwa nini tuchanganye vitu viwili mapema, kimoja kisichopenda kukaa moto na kingine kisichojali, halafu tukae tunahangaika kuvitunza vyote kwa moto? Kahawa ikae baridi, maji yakae moto, vikutane kwenye kikombe muda wa kunywa. Kila kikombe kinakuwa kipya, hata kile cha jioni.

Na wala siyo jambo nimelibuni mimi. Yule Mmarekani Todd Simpson aliyeleta kile chombo cha kulowekea kinachoitwa Toddy mwaka 1964, kahawa nzito inayotoka pale ilikuwa inaongezewa maji ya moto unapata kahawa ya moto, hii habari ya barafu na glasi ndefu ndo imekuja kutawala baadaye.

Ila hapa ndo wengi wanapoteleza, wanachanganya nusu kwa nusu kama walivyosoma mahali, wanapata kikombe cha uvuguvugu, wanakasirika, wanakipeleka kwenye maikrowevu na tumerudi kulekule. Piga hesabu kidogo. Kahawa inatoka friji ikiwa nyuzi 4, maji yametoka birikani yana nyuzi 95, ukichanganya nusu kwa nusu unapata karibu nyuzi 50, na hapo kikombe chenyewe hakijachukua chake, kikombe kizito cha udongo kinaweza kula nyuzi kadhaa peke yake. Hiyo siyo kahawa ya moto. Ukiweka kahawa sehemu moja na maji sehemu mbili unafika kama nyuzi 65, ambayo ni moto wa kutosha kabisa. Lakini je kama maji yametoka kwenye chupa na yameshashuka mpaka 85? Mbili kwa moja itakupa 58 hivi, inanyweka ila siyo kwa wanaopenda moto, itabidi uende tatu kwa moja ndo urudi kwenye 65. Na ukienda tatu kwa moja kwa kahawa uliyoiloweka kwa kipimo cha kawaida utakunywa maji yenye rangi.

Kwa hiyo mambo yote yanaanzia kwenye kuloweka. Anayetaka kunywa ya moto aloweke nzito tangu mwanzo, gramu 100 za unga kwa gramu 400 za maji, au 500 akiona imezidi. Pima kwa mzani, vijiko vinadanganya. Usishtuke ukichuja ukapata kama nusu tu ya maji uliyoweka, machicha yanashika maji karibu mara mbili ya uzito wake, hayo usiyakamue kwa nguvu manake unachokamua ni tope na uchungu. Ile iliyobaki ndo inayobeba maji mara mbili au tatu bila kulegea. Sitaficha, njia hii inakula unga mwingi kuliko kahawa ya kawaida, maji kidogo hayavuti vyote vilivyomo, na anayeona ni ubadhirifu ana haki yake.

Kuna na njia ya kuisaidia hesabu, kuitoa kahawa friji mapema. Kiasi cha kikombe kimoja au viwili kikikaa mezani nusu saa kinapanda chenyewe, na ikiwa imefika nyuzi 24 hivi, hata maji yale ya 85 kwa mbili kwa moja yanakupa karibu 65 bila ujanja wowote. Asiye na subira aweke kachupa kake ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu dakika chache, nasema uvuguvugu na siyo yanayochemka, kioo kilichotoka friji kikikutana na maji yanayochemka kinaweza kupasuka na hapo kahawa itakuwa ndo hasara ndogo. Pasha moto na kikombe pia, kisuuze kwa maji ya moto kwanza. Wanaokaa sehemu za miinuko wakumbuke maji yao yanachemka chini ya 100, inapungua kama nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo wao wasiende chini ya mbili kwa moja kabisa.

Nije kwenye chupa ya chai, manake ndo roho ya mpango mzima na watu wengi wanaitumia nusu ya uwezo wake. Chupa hii ilibuniwa na James Dewar mwaka 1892, na cha kuchekesha ni kwamba yeye hakuwa na habari na chai wala kahawa, alikuwa anatafuta namna ya kutunza gesi zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika, yaani alitaka baridi isitoroke. Ilikuwa Mjerumani Reinhold Burger na wenzake ndo wakaifanya bidhaa ya nyumbani, jina Thermos likaja mwaka 1904. Ndani yake kuna kuta mbili na katikati hamna kitu, hata hewa imetolewa, joto halina pa kupitia, na ule mng'ao wa ndani unarudisha joto linalotaka kutoka kwa mnururisho, yaani kwa miale kama mwanga. Kinachobaki ni shingo na kifuniko. Joto lako jingi linatorokea pale juu.

Kwa hiyo kwanza ipashe chupa, mimina maji yaliyochemka, funga, acha dakika tano mpaka kumi, mwaga, chemsha mengine ndo ujaze, ukimimina moja kwa moja kwenye chupa ya baridi ukuta wa ndani unakunywa joto lako hata kabla hujatoka mlangoni. Ya pili jaza mpaka karibu na kizibo, chupa nusu inapoa haraka. Chupa kubwa inatunza vizuri kuliko ndogo manake maji ni mengi ukilinganisha na ukuta unaoyazunguka. Na usiifungue fungue kuchungulia. Kama unatoka nyumbani, chukua chupa mbili, kubwa ya maji ya moto na ndogo ya kahawa ya baridi, kwani chupa ileile inayotunza moto inatunza na baridi, Dewar mwenyewe ndo alichotaka. Kahawa nzito usiibebe kwenye kichupa cha plastiki kwenye begi kutwa nzima kwenye joto, haina chumvi wala sukari ya kuilinda na asidi yake ni ndogo, inaweza kuota wadudu.

Halafu usafi. Hili gazeti lingeweza kulitolea ukurasa mzima. Mafuta ya kahawa yananasa kwenye ule mpira wa kifuniko, yanaoza taratibu, na mtu analaumu kahawa mpya kwa ladha ya kahawa ya mwezi uliopita. Chomoa mpira, usioshe juu juu. Chupa yenyewe iwekee maji ya moto na bikaboneti ya soda kijiko kimoja au viwili, ilale wazi usiku, asubuhi isugue kwa brashi ndefu na uisuuze vizuri. Ilale wazi nimesema, na wale wanaopenda kuchanganya bikaboneti na siki wasithubutu kufunga kizibo, ile gesi inayotoka itakirusha. Na chupa ya maji iwe ya maji tu, ikishawahi kubeba kahawa au chai ya viungo kila maji yatanukia hivo.

Najua kuna watu ambao mpango wa chupa mbili hauwafai, mtu anaendesha gari, mtu yuko zamu hawezi kusimama kuchanganya. Huyo achanganye asubuhi kwa maji ya moto, siyo kwa kupasha, aweke kwenye chupa iliyopashwa na kujazwa pomoni. Ndani ya saa moja au mbili tofauti ni ndogo, baada ya hapo kila saa inayopita anaisikia. Angalau kwenye chupa hakuna moto unaoongezwa na mvuke hauna pa kwenda, ni bora mara nyingi kuliko sahani ya moto. Namshauri asiifunge ikiwa kwenye 90, kwa sababu anaitesa bure, ikiwa 70 na kitu wakati wa kufunga inatosha.

Na yule ambaye kahawa yake ameshailoweka nyepesi, ya kunywa vilevile, hawezi kuongeza maji tena. Hapo kupasha hakukwepeki, ila kuna kupasha na kupasha. Weka kijagi chenye kahawa ya kikombe kimoja (kama ni cha kioo, kisiwe kimetoka friji sasa hivi) ndani ya sufuria ya maji ya moto ambayo imeshaepuliwa, koroga, subiri. Inachukua muda lakini hakuna sehemu ya kahawa inayoungua. Maikrowevu siyo dhambi kama wanavyoifanya, weka nguvu ya nusu, sekunde 30, toa koroga, rudisha, na uache mara mvuke unapoanza kuonekana vizuri, ukiona mapovu umechelewa. Pasha kikombe kimoja unachokunywa sasa hivi, usipashe jagi zima. Na usirudie kupasha iliyokwishapashwa. Ikishakuwa chungu kuna ujanja wa chembe chache za chumvi, chumvi kweli inapunguza ulimi kusikia uchungu, ila harufu iliyoondoka hairudishi, kwa hiyo usitegemee miujiza.

Maziwa yasiingie kwenye chupa. Kabisa. Maziwa yaliyokaa kwenye uvuguvugu wa chini ya nyuzi 60 kwa masaa ni shamba la bakteria, na kabla hata hujafika kwenye kuumwa tumbo ladha yake inakuwa imeshageuka. Weka maziwa kwenye kikombe, yapashe kidogo kando kama unaogopa kupoza kahawa, usiyafikishe kuchemka.

Nimetaja 65 mara nyingi na siyo namba ya kubahatisha. Mwaka 2016 lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani, hasa ya umio, na kikao hichohicho kikasema kahawa yenyewe haina ushahidi wa kutosha wa kuiweka kwenye lawama hiyo. Yaani kinachotiliwa shaka ni moto, siyo kahawa. Na hata ukiacha habari za magonjwa, kwenye 80 ulimi haufanyi kazi nyingine zaidi ya kujiokoa, ule utamu uliousubiri masaa 18 hutausikia mpaka kikombe kishuke kwenye 60 na kitu. Sasa kuna haja gani ya kuitunza kwenye 90?

Kuna atakayeuliza, kama unataka ya moto si uchemshe tu maji upike kahawa ya moto kama watu wote. Swali halali, na kwa kikombe kimoja cha haraka asubuhi mi mwenyewe nitamwambia apike. Ila anayependa ule ulaini, au tumbo lake linakataa ukali wa kahawa ya moto, au anataka vikombe vinne kwa siku kwa nyakati tofauti bila kusaga na kuosha vyombo kila mara, kuloweka mara moja kwa wiki kunamlipa. Kweli ile harufu kali ya kahawa iliyopikwa sasa hivi hataipata, kwenye kuloweka haipo, na kuongezea maji ya moto hakuiumbi. Anapata kitu kingine.

Na kwa maofisi yenye jagi lile juu ya sahani ya moto, kabla hamjanunua mashine mpya jaribuni kitu hiki. Chomoeni sahani. Wekeni chupa kubwa ya maji ya moto mezani, ile ya kubonyeza juu, kahawa nzito kwenye friji kwenye jagi lenye mfuniko na tarehe iliyoandikwa, na kikombe kidogo cha kupimia, mtu ajichanganyie anavyopenda, mwenye kutaka nzito na mwenye kutaka nyepesi hawagombani tena. Na yule mmoja anayekunywa chai, ambaye siku zote anasahaulika, maji yake yatakuwa pale pale.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.